MAJI YASILALE JUU YA MAJANI
Jinsi ya Kuzuia Okidi Zisioze Wakati wa Mvua na Baridi

Yafuatayo ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa Makina, Kibera, mbele ya wenye vitalu vya maua vya Barabara ya Ngong, watunza bustani kutoka Kawangware, na wenyeji wengine wapendao mimea. Tumeyachapa yote, pamoja na maswali yaliyoulizwa mwishoni, kwa kuwa mengi yaliyomo yawafaa pia wakulima wa mboga na wa vanila walio mbali na Nairobi.



Nimeombwa niseme juu ya maradhi ya kuoza ambayo huua okidi wakati wa mvua. Huenda wako wanaojiuliza kwa nini tukae alasiri nzima kuzungumza juu ya ua. Jibu langu ni hili: kwa wengi mlioketi hapa, ua ni unga, ni karo ya mtoto, na ni kodi ya nyumba. Mwenye kitalu akinunua okidi kumi kwa mkopo, na mvua za Aprili zikamwozea saba, hasara hiyo haimrudii mwingine ila yeye. Na mtunza bustani akiua mimea ya mtu, aweza kupoteza kazi aliyoitafuta kwa miaka.

Mimi nasema haya kwa kuwa yalinipata. Nilipokuwa kijana nilikabidhiwa okidi kumi na mbili nizitunze. Nilizipenda sana, na kwa ajili ya mapenzi hayo nikazimwagia maji kila jioni kabla ya kwenda nyumbani. Mvua zilipokwisha, tisa zilikuwa zimekufa. Mwenye mimea hakunifukuza, lakini alinikata nusu ya mshahara wa mwezi, nami sikuweza kumlaumu. Tatu zilizobaki zilikuwa zimening'inizwa juu ya waya penye upepo, mahali ambapo mkono wangu haukufika vizuri. Ziliokoka kwa sababu sikuzitunza! Nilifikiri sana juu ya jambo hilo, na yote nitakayosema leo yametoka katika fikira hiyo.

MTOTO WA MSITU

Kila mtu wa Makina ajua kwamba neno Kibra, katika lugha ya Wanubi, maana yake ni msitu. Askari wa Kisudani wa jeshi la King's African Rifles walipokaa hapa na jamaa zao mwanzoni mwa karne ya 20, waliikuta miti. Basi okidi nayo ni mtoto wa msitu, na asiyejua desturi za msituni hawezi kumlea.

Okidi nyingi tunazopanda hazioti ardhini. Hukaa juu ya matawi ya miti, zikiwa zimeshika gome kwa mizizi yao. Wengine hudhani kwamba okidi hunyonya mti kama kupe anyonyavyo ng'ombe, lakini sivyo. Okidi imepanga chumba tu. Chakula chake yapika yenyewe. Hupata maji ya mvua na ya umande, na chakula kidogo kutoka katika majani yaliyooza kwenye mapanda ya matawi.

Tazameni mzizi wa okidi ya namna hiyo. Umevikwa ngozi nene nyeupe kama sifongo. Mvua ikinyesha, sifongo hiyo hunywa maji upesi na mzizi hugeuka kuwa wa kijani. Kisha upepo huja, jua huchungulia kati ya majani, na baada ya saa chache mzizi umekauka na kurudia weupe wake. Hivyo ndivyo okidi ilivyozoea: huoga, kisha hujifuta. Haikai majini.

Hapa Kenya tunazo okidi za asili aina zaidi ya 250, za mitini na za ardhini. Katika misitu ya nyanda za juu iko ile iitwayo Aerangis thomsonii, yenye maua meupe na mkia mrefu nyuma ya ua, nayo hunukia usiku ili kuwaita nondo. Iko Rangaeris amaniensis, iliyopewa jina la Amani katika milima ya Usambara, Tanganyika ya zamani. Na katika nchi za joto iko Ansellia africana, okidi ya chui, ambayo maua yake ni ya manjano yenye madoa ya hudhurungi. Lakini okidi zinazouzwa sana madukani ni zile zenye majani mapana na maua makubwa kama vipepeo, ziitwazo Phalaenopsis. Asili yake ni misitu ya joto ya Asia. Hizi ndizo zinazooza kuliko zote, kwa sababu majani yake yamekaa kama bakuli, na katikati ya bakuli hilo ndimo ulimo moyo wa mmea.

UNYEVU SI ADUI

Sasa nataka tutofautishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Unyevu wa hewa si sawa na maji yaliyotuama. Okidi hupenda hewa yenye unyevu, na katika hewa kavu sana mizizi yake hunyauka. Lakini haipendi maji yaliyosimama juu ya jani usiku kucha, wala chungu kisichokauka. Hewa yenye unyevu ikitembea, okidi hustawi. Hewa hiyo ikisimama, na maji yakasimama nayo, okidi huoza.

Hapa tulipo ni mahali pa juu, kiasi cha meta 1,700 kutoka usawa wa bahari. Mvua za masika huja kati ya Machi na Mei, na za vuli kati ya Oktoba na Desemba. Mwezi wa Julai mvua si nyingi, lakini mawingu hufunga siku nzima na usiku huwa wa baridi. Hewa ya baridi haiwezi kubeba mvuke mwingi kama hewa ya joto. Kwa hiyo jua linapokuchwa, mvuke ule hugeuka kuwa matone, nayo hukaa juu ya majani hata asubuhi. Mtu akiongeza maji yake mwenyewe saa kumi na mbili jioni, amewaandikia kuvu barua ya kuwakaribisha.

Maana mbegu za kuvu ni kama vumbi jembamba lisiloonekana. Zimo katika hewa, zimo katika udongo, na huenda zimo juu ya kila jani hapa. Jani likiwa kavu, mbegu hizo hulala tu. Jani likikaa na maji kwa saa nyingi mfululizo, nyingi kati yake huchipua na kupenya ndani. Basi kazi yetu si kuua kila mbegu ya kuvu duniani, kwa kuwa haiwezekani. Kazi yetu ni kuzinyima zile saa za maji.

MAADUI NA ALAMA ZAO

Yafaa kila mtunza okidi awajue maadui wakubwa kwa alama zao, kwa sababu dawa ya mmoja si dawa ya mwingine.

Wa kwanza ni kuoza kweusi. Huanza katika chipukizi jipya au shingoni mwa mmea. Utaona doa jeusi lenye maji, na pengine ukingo wake ni wa manjano. Doa hilo hupanuka kwa haraka, hata katika siku chache mmea wote umekwisha. Vimelea viuletavyo ugonjwa huu ni ndugu wa kile kilichoangamiza viazi vya Ayalandi kuanzia mwaka 1845, watu wapatao milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi. Ndugu huyo wa viazi ndiye yule yule anayewaunguzia wakulima wa Kenya viazi na nyanya wakati wa mvua. Wataalamu wa leo wanasema kwamba jamii hii si kuvu halisi, bali ina udugu na mwani wa majini. Na kweli, mbegu zake huogelea. Pasipo na maji haziendi popote.

Wa pili ni kuoza kwa majimaji. Huu huletwa na bakteria. Jani huwa laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, ukilibonyeza hutoa maji, na mara nyingi hunuka vibaya. Katika Phalaenopsis huanza pale moyoni yalipotuama maji. Huenea kwa matone yanayoruka kutoka mmea mmoja hadi mwingine wakati wa kumwagilia.

Wa tatu ni mnyauko uletwao na kuvu iitwayo Fusarium. Huyu haji mbio, hula polepole. Majani hupoteza rangi, mmea hudhoofika miezi mingi, na mwenyewe hudhani kwamba una kiu, akaongeza maji. Ukikata shina lake la chini utaona duara la rangi ya zambarau au ya waridi ndani yake. Huyu hupenda kusafiri juu ya kisu kichafu.

Wa nne ni kuvu ya maua, iitwayo Botrytis. Hutia vidoa vidogo vya hudhurungi juu ya maua wakati wa usiku wa baridi na unyevu. Haiui mmea, lakini hakuna mnunuzi atakayetoa fedha yake kwa ua lenye madoa. Maua yaliyonyauka yaondolewe upesi, kwa maana humo ndimo inamozaliana.

Walio pwani, Mombasa na Unguja, wana adui wa tano ambaye hapa Nairobi ni nadra, kwa kuwa hupenda joto. Hushika shingo ya mmea, na huacha nyuzi nyeupe na punje ndogo za hudhurungi mfano wa haradali. Ukiziona punje hizo, uondoe mmea pamoja na vyote vilivyomo chunguni, wala usivitumie tena.

MAMBO SABA YA KUFANYA

Hakuna hata jambo moja kati ya haya lihitajilo fedha nyingi.

La kwanza, mwagilia asubuhi. Saa moja, saa mbili, hata saa tatu ni vyema. Ifikapo magharibi, pasiwe na tone juu ya jani wala katika moyo wa mmea. Maji yakiingia moyoni, yanyonye kwa kipande cha karatasi laini au kitambaa safi. Na siku ya mawingu mazito, ikiwa chungu bado kina unyevu, usimwagilie kabisa.

La pili, usipande okidi ya mitini katika udongo. Udongo hukaba mizizi na kuinyima hewa, na mzizi usio na hewa hufa kwanza kisha ndipo huoza. Tumia magome ya msonobari yaliyokatwa vipande, ambayo hupatikana penye kazi ya mbao, au vipande vya makaa vyenye ukubwa wa kidole gumba, vilivyochekechwa ili vumbi litoke. Makumbi ya nazi pia yafaa, lakini hushika maji zaidi, basi yapunguzwe wakati wa mvua. Chungu kiwe na matundu mengi, chini na ubavuni. Hata mkebe wa rangi uliosafishwa vizuri na kutobolewa kwa msumari wafanya kazi. Magome huchakaa na kuwa kama matope. Kwa hiyo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi.

La tatu, ipe hewa njia. Usizibananishe okidi kama abiria wa matatu. Ziache nafasi, majani yasigusane. Uziweke juu ya kichanja cha mbao zenye mianya au cha waya, si juu ya ardhi, maana mvua ikipiga ardhi hurusha matope yenye vijidudu juu ya majani.

La nne, ezeka lakini usifunge. Wakati wa masika tanda juu ya kichanja karatasi ya nailoni ipitishayo mwanga, iwe juu sana ya mimea, lakini ubavuni acha wazi ili upepo upite. Wako watu waliofunika okidi zao pande zote kwa kuogopa mvua. Walizuia mvua, lakini kwa kuwa mvuke ulikosa pa kutokea, mimea ikaoza mle mle ndani.

La tano, safisha kisu. Kabla ya kugusa mmea mwingine, pitisha kisu au mkasi katika moto, au ukitie katika dawa ya kung'arisha nguo, ile waiitayo jiki, sehemu moja kwa maji sehemu tisa, kwa dakika kadhaa, kisha kioshe na ukikaushe. Usichanganye jiki na sabuni ya choo wala na dawa nyingine, kwani huweza kutoa hewa ya sumu. Wembe ni rahisi zaidi: mmea mmoja, wembe mmoja.

La sita, mgeni akae pembeni. Mmea mpya, hata ukiwa mzuri kama nini, utengwe na mingine majuma matatu au manne. Wahenga walisema kwamba samaki mmoja akioza, huoza wote. Na katika vitalu methali hiyo imetimia mara nyingi.

La saba, usiilishe kupita kiasi. Mbolea nyingi ya kukuzia hufanya majani kuwa makubwa na laini, na jani laini ni mkate wa kuvu. Mbolea iwe hafifu, na wakati wa baridi ya Julai, mmea unapopumzika, ipunguzwe sana.

Mkiyatazama mambo haya saba, mtaona kwamba matano ya kwanza yasema neno moja kwa namna mbalimbali: maji yaje, kisha yaondoke, wala yasibebe uchafu kutoka mmea huu hadi ule. Na hapa Kibera, ambapo wengi hununua maji kwa mtungi wa lita 20, neno hilo lina uchungu zaidi. Yule amwagiliaye kila jioni hutoa fedha zake ili anunue kifo cha mmea wake.

UGONJWA UKISHAINGIA

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila asubuhi pita kati ya mimea yako na utazame. Ukiona doa lenye maji, fanya siku ile ile.

Kwanza, uondoe mgonjwa kutoka kwa wenzake, na usiumwagilie. Pili, kata sehemu yote iliyooza, na uzidi kiasi cha sentimita mbili au tatu ndani ya sehemu iliyo nzima, kwa sababu kuvu huenda mbele ya doa lionekanalo. Tatu, paka mdalasini wa unga juu ya kidonda ili kikauke. Lakini usiunyunyize juu ya mizizi iliyo mizima, kwa maana utaikausha nayo. Nne, utundike mmea mahali penye kivuli na upepo hata kidonda kikauke, kisha uupande upya katika magome mapya. Vipande vilivyokatwa vichomwe moto au vitupwe mbali. Visitiwe katika shimo la mbolea.

Wakulima wa kahawa waliopo hapa wataniuliza juu ya dawa za shaba, kwa kuwa mrututu na jamii yake umetumika miaka mingi kuikinga kahawa dhidi ya kutu ya majani na chulebuni, ule ugonjwa ulioonekana kwanza magharibi mwa Kenya mwaka 1922. Dawa za shaba husaidia okidi nyingi, lakini si zote. Ziko aina, kama zile ziitwazo Dendrobium, ambazo huungua kwazo, na maua yote huharibika yakiguswa nazo. Jaribu kwanza juu ya mmea mmoja. Nunua dawa kwa muuzaji mwenye leseni, soma maandishi yaliyoko, vaa mipira ya mikono, na kamwe usitie dawa katika chupa ya soda ambayo mtoto aweza kuinywa. Na kumbukeni kwamba dawa hufuata nyuma ya kazi njema. Haichukui nafasi yake.

SI MAMBO YA WATUNZA MAUA PEKE YAO

Huenda mkulima aliye mbali akasoma maneno haya akasema kwamba okidi ni pambo la mjini. Namjibu kwamba vanila ni okidi. Mmea huo utambaao asili yake ni Meksiko, na kwa muda mrefu haukuzaa kwa wingi ulipopandwa kwingine, mpaka mwaka 1841 ambapo Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12 katika kisiwa cha Réunion, alionyesha jinsi ya kuunganisha sehemu ya kiume na ya kike ya ua kwa kijiti na kidole gumba. Njia yake ndiyo itumiwayo hadi leo Madagaska, ambayo wazee wa pwani waliiita Bukini, na vile vile Mukono na Bundibugyo huko Uganda, na Kagera huko Tanzania.

Basi adui mkubwa wa vanila ni yule yule Fusarium. Huozesha mizizi, na hukaa udongoni miaka mingi akingoja. Mkulima mwenye shamba la vanila katika bonde lenye maji yaliyosimama, au aliyepanda vipande alivyopewa na jirani bila kuvichunguza, aweza kupoteza kazi ya miaka mitatu kabla hajavuna ganda moja. Kinga yake ni ile ile: maji yapate njia, mizizi isijeruhiwe kwa jembe, mbegu ziwe safi, na kivuli kisiwe kizito hata hewa ikakosa kupita.

NENO LA HAKI JUU YA KUVU

Sitaki mwondoke mkidhani kwamba kila kuvu ni adui. Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi, nayo haina akiba ya chakula ndani yake kama ilivyo punje ya mahindi. Mwaka 1899 mtaalamu wa Kifaransa, Noël Bernard, aligundua kwamba mbegu hiyo haioti msituni mpaka iingiwe na kuvu fulani njema, ambayo huilisha kama mama amlishavyo mtoto. Hata mwaka 1922 Lewis Knudson wa Marekani alipoonyesha jinsi ya kuotesha mbegu hizo chupani kwa chakula chenye sukari, alikuwa ameiga kazi ya kuvu ile.

Kwa sababu hiyo, okidi iliyong'olewa msituni imetengwa na ndugu zake wengi, na mara nyingi hufa mikononi mwa mnunuzi. Okidi ya chui imekatwa sana pamoja na matawi yake, hata leo imeorodheshwa ulimwenguni kuwa mmea ulio hatarini. Biashara ya okidi zote kati ya nchi na nchi imewekewa sheria na mapatano ya kimataifa. Nawasihi vijana: msiingie msitu wa Ngong wala wa Karura kung'oa okidi. Gaweni mimea mliyo nayo, maana okidi iliyotunzwa vizuri huzaa watoto, na mtoto aliyezaliwa kitaluni ni mzima kuliko aliyeibwa.

MASWALI NA MAJIBU

Mama mmoja aliuliza: "Mimi sina okidi. Nina sukuma wiki katika magunia. Miche yangu huanguka shingoni ikafa ingali midogo. Je, maneno haya yanihusu?"

Jibu: Yakuhusu sana, mama. Ugonjwa huo huletwa na jamaa za kuoza kweusi niliyoieleza, na kuvu nyinginezo. Miche imepandwa karibu mno na imemwagiliwa jioni. Itawanye, mwagilia asubuhi, na usitumie tena udongo ule kwa miche. Kilimo cha magunia kilipoenezwa hapa Kibera tangu mwaka 2008, watu walifundishwa kuweka nguzo ya kokoto katikati ya gunia. Nguzo hiyo ndiyo njia ya maji na ya hewa. Wanaoiacha kwa uvivu huozesha mboga za chini.

Kijana mwenye kitalu aliuliza: "Maji ni ghali. Nimezoea kutia maji katika beseni moja na kuchovya vyungu vyote, kimoja baada ya kingine. Je, ni vibaya?"

Jibu: Ni vibaya, ndugu yangu, ingawa nia yako ni njema. Chungu kimoja kikiwa na ugonjwa, wote wameoga maji yake. Afadhali ukinge maji ya mvua kutoka katika mabati, ambayo okidi huyapenda, kisha umwagilie kila chungu peke yake kwa kopo dogo, polepole, hata maji yatoke chini.

Mzee mmoja aliuliza: "Mizizi ya okidi yangu imetoka nje ya chungu ikatapakaa. Niikate?"

Jibu: La, mzee wangu, usiikate. Inatafuta hewa, na hiyo ni dalili ya afya. Mzizi mzima ni mgumu, mweupe ukiwa mkavu na wa kijani ukilowa. Ule wa kahawia, laini, ambao ukiuvuta ngozi yake huvuka na kubaki uzi, huo ndio umekufa, nao ukatwe.

Ndugu zangu, sina zaidi. Nilipoteza mimea tisa ili nijifunze neno moja, nami nawapa neno hilo bure: kabla jua halijatua, pita kati ya mimea yako, shika majani kwa vidole vyako, na yote yawe makavu. Ukifanya hivyo jioni zote za masika, nenda ukalale, kwa kuwa okidi zako nazo zitalala salama.